Jaza Hivi Mahali pa Kuzaliwa Ikiwa Mpaka wa Nchi Umebadilika

Malalamiko yameongezeka tangu fomu nyingi za pasipoti, viza na uraia zihamie mtandaoni. Mwombaji anafungua orodha ya nchi, haioni ile iliyoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa, anabahatisha. Maombi yakirudishwa, anaamini afisa ameikataa asili yake. Sivyo. Maelezo aliyotoa hayakutosha kumtambua.

Anza na mji au kijiji, fuata na wilaya au mkoa, nchi iwe mwisho. Wengi huandika nchi peke yake, na hapo ndipo shida huanza. Mtu aliyezaliwa mwaka 1980 anayejaza "Chekoslovakia" bila mji hatuwezi kujua kama alizaliwa Brno, ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, au Bratislava, ambayo ni Slovakia. Nchi hiyo iligawanyika tarehe 1 Januari 1993. Vifupisho navyo viepukwe: herufi CS zilikuwa za Chekoslovakia, mwaka 2003 zikapewa Serbia na Montenegro, na muungano huo nao ukavunjika mwaka 2006. Andika jina zima.

Kisha soma swali mpaka mwisho. Likitaka jina la sasa, taja nchi inayotawala mahali hapo leo. Likisema "kama ilivyo kwenye cheti", nakili cheti herufi kwa herufi. Lisipofafanua, weka yote mawili: "Walvis Bay, Afrika Kusini (sasa Namibia)". Mfano huu nimeuchagua makusudi kwa sababu huwachanganya hata maafisa. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990, lakini Walvis Bay ilibaki mikononi mwa Afrika Kusini hadi tarehe 1 Machi 1994. Mtoto aliyezaliwa hapo mwaka 1992 alizaliwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, ingawa ramani ya leo haionyeshi hivyo. Kwa hiyo linganisha tarehe yako ya kuzaliwa na tarehe mpaka ulipobadilika. Usikisie kwa kuangalia ramani.

Nchi iliyobadili jina tu, kama Volta ya Juu ilivyokuwa Burkina Faso mwaka 1984, haina utata huu.

Orodha ya mtandaoni isipokuwa na nchi ya zamani, chagua ya sasa, kisha eleza ya zamani kwenye sehemu ya maelezo ya ziada. Kama sehemu hiyo haipo, ambatisha barua fupi yenye mahali, tarehe na majina yote mawili ya nchi, pamoja na nakala ya cheti iliyothibitishwa na tafsiri rasmi ikihitajika.

Jambo moja tunalieleza kila siku na bado halieleweki: mahali pa kuzaliwa si uraia. Aliyezaliwa Juba mwaka 1990 akiandika "Sudan (sasa Sudan Kusini)" hapati uraia wala haupotezi kwa maneno hayo. Uraia huamuliwa na sheria za nchi husika.

Wapo pia wanaokataa kutaja dola iliyowatawala wazazi wao kwa mabavu. Uchungu huo ni wa haki. Lakini kumbukumbu hutaja nani alitawala siku hiyo, haisemi kwamba alistahili kutawala. Baadhi ya nchi zimeacha nafasi: Marekani humruhusu raia anayepinga jina la nchi kuomba pasipoti yake itaje mji tu, na pasipoti ya Uswisi huonyesha mji wa asili ya ukoo badala ya mahali pa kuzaliwa. Uliza ofisi inayokupa hati kabla ya kujaza.

Cheti chenyewe usikiguse kwa kalamu. Kufuta "Yugoslavia" na kuandika "Kroatia" hakukisahihishi, kunakiharibu, na kunaweza kukufungulia shauri la kughushi. Kutoa maelezo ya uongo kwa makusudi ili upate pasipoti ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Uingereza adhabu yake hufika kifungo cha miaka 2, Marekani hata miaka 10. Hiyo haimhusu aliyeandika jina la zamani kwa nia njema. Hata hivyo, ukigundua kosa baada ya kutuma fomu, peleka marekebisho kwa maandishi, yenye namba ya maombi, kabla hujaitwa kwenye mahojiano.