Maziwa ya Kilimo Hai au Maziwa ya Mfugaji wa Karibu: Familia Ianzie Wapi?

Wazazi wengi wanaotaka ushauri wa lishe hutuuliza kama ni bora kununua maziwa yenye nembo ya kilimo hai, hata kama yametoka mbali, au maziwa ya mfugaji wa karibu asiye na nembo yoyote. Swali hili lina uzito wake, kwa kuwa maziwa huingia nyumbani karibu kila siku na mnywaji mkuu huwa ni mtoto. Hata hivyo, sifa hizi mbili hazihusu jambo moja. Nembo ya kilimo hai inaeleza jinsi ng'ombe alivyolishwa, alivyofugwa na alivyotibiwa, ilhali ukaribu unaeleza tu umbali ambao maziwa yamesafiri. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomhakikishia mnunuzi kwamba maziwa yalipitishwa kwenye joto la kutosha, yakapozwa kwa wakati na kupimwa, na kwa maoni yangu hayo ndiyo ya kuulizwa kabla ya mengine yote.

Maziwa mabichi, yawe ya shamba lenye ithibati au ya zizi la jirani, yanaweza kubeba vimelea vya brusela, vya kifua kikuu cha ng'ombe, salmonela, listeria, kampilobakta na aina hatari za bakteria wa E. koli. Ng'ombe anayeonekana mzima kabisa anaweza kuwa anatoa vimelea hivyo, na samadi kidogo iliyobaki kwenye chuchu wakati wa kukamua inatosha kuchafua ndoo nzima. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, wagonjwa wenye kinga dhaifu na wajawazito, kwani listeria inaweza kusababisha mimba kuharibika hata pale mama mwenyewe anapohisi homa ndogo tu. Msingi wa kinga dhidi ya vimelea hivi unajulikana tangu karne ya 19, enzi ya mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur: kupasha maziwa joto la nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha kuyapoza haraka. Njia hii, iitwayo kupasteurisha, huua vimelea vya magonjwa na kubakiza karibu virutubishi vyote. Madai kwamba maziwa mabichi hutibu mzio, au kwamba yanamfaa mtu asiyevumilia laktosi (sukari ya asili ya maziwa), hayana msingi, maana laktosi iliyomo katika maziwa mabichi ni ile ile iliyomo katika maziwa yaliyopashwa joto. Familia inayonunua maziwa mabichi kwa mfugaji inapaswa kuyachemsha hadi yatokote, huku yakikorogwa ili joto lifike kote, kabla ya mtu yeyote kuyaonja.

Yapo mambo mawili ambayo moto hauyaondoi, na hapa mazungumzo kuhusu kilimo hai yanaanza kuwa na maana. La kwanza ni mabaki ya dawa. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutibiwa kwa antibiotiki, na sehemu ya dawa hiyo hutoka katika maziwa yake kwa siku kadhaa. Kwa sababu hiyo kila dawa huwa na muda wa kusubiri, yaani siku ambazo maziwa ya mnyama huyo hayaruhusiwi kuuzwa. Wajibu huo unamhusu kila mfugaji, si wa kilimo hai peke yake, na viwanda makini vya kusindika hupima kila lori la maziwa kabla ya kulipokea. Jambo la pili ni sumukuvu. Ng'ombe akilishwa mahindi au mashudu yaliyoota ukungu, sumu iliyomo hubadilika ndani ya mwili wake na kutoka katika maziwa kama aflatoksini M1. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex Alimentarius, vilivyowekwa chini ya FAO na Shirika la Afya Duniani, vinataka kiasi chake kisizidi mikrogramu 0.5 kwa kila kilo ya maziwa, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kikali zaidi cha mikrogramu 0.05. Kuchemsha hakusaidii, na nembo ya kilimo hai peke yake haitoshi kuizuia, kwa sababu ukungu huota kwenye chakula cha mifugo kilichohifadhiwa vibaya bila kujali jinsi kilivyolimwa. Kinachozuia ni ghala kavu na upimaji wa mara kwa mara.

Baada ya hayo, nembo yenyewe inaahidi nini? Misingi ya kimataifa ya vyakula vya kilimo hai ilipitishwa na Codex mwaka 1999, na nchi mbalimbali zimeweka sheria zao. Kwa jumla, chakula cha ng'ombe hakina budi kulimwa bila mbolea za viwandani wala viuatilifu sanisi, mbegu zilizobadilishwa vinasaba haziruhusiwi, na mnyama anapaswa kutoka nje kwenda malishoni. Nchini Marekani, ng'ombe wa kilimo hai wanatakiwa kuwa malishoni angalau siku 120 kwa mwaka na kupata huko si chini ya asilimia 30 ya chakula chao katika msimu wa malisho, kikipimwa kwa uzito mkavu, yaani bila maji yake. Kuhusu dawa sheria zinatofautiana sana. Marekani, ng'ombe aliyepewa antibiotiki hawezi tena kutoa maziwa ya kilimo hai maisha yake yote, ingawa mfugaji haruhusiwi kumnyima matibabu ili tu asipoteze nembo. Umoja wa Ulaya unaruhusu matibabu machache na kurefusha muda wa kusubiri mara mbili. Naona utaratibu wa Ulaya una busara zaidi kwa mnyama, kwani mfugaji hasiti kumtibu anapougua. Homoni sanisi ya kuongeza maziwa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993, imepigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya na haikuruhusiwa Kanada, kwa hiyo katika nchi hizo ahadi ya nembo kuhusu homoni hiyo haiongezi kitu.

Faida kubwa ya masharti haya, nionavyo, iko nje ya glasi ya mnywaji. Shamba linalotumia antibiotiki kwa uchache hupunguza nafasi ya bakteria kujijengea usugu dhidi ya dawa ambazo sisi sote tunazitegemea hospitalini, na shamba lisilonyunyizia viuatilifu hupunguza sumu katika udongo na katika maji ya visima vya majirani. Mzazi anayelipa zaidi kwa sababu hizo analipia jambo la kweli. Anayelipa akiamini kwamba mtoto wake atapata kalisi zaidi amepewa maelezo yasiyo sahihi, kwa maana kalisi, takriban miligramu 120 katika kila mililita 100 za maziwa ya ng'ombe, haitofautiani kwa kiasi cha maana, wala protini.

Tofauti ya kilishe iliyothibitika zaidi iko katika mafuta. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza na kukusanya matokeo ya tafiti nyingi, uliona kwamba maziwa ya kilimo hai yalikuwa na mafuta ya omega-3 zaidi kwa takriban asilimia 56. Takwimu hiyo husomwa kwa shauku kuliko inavyostahili. Kiasi chenyewe cha omega-3 katika maziwa ni kidogo, kiasi kwamba mlo mmoja wa samaki wenye mafuta hutoa zaidi ya inayopatikana katika glasi nyingi, na faida hiyo hupotea karibu yote pale familia inaponunua maziwa yaliyoondolewa mafuta. Isitoshe, chanzo chake ni majani mabichi anayokula ng'ombe. Ng'ombe wa mfugaji wa karibu asiye na ithibati, anayeshinda malishoni, atatoa maziwa ya namna hiyo hiyo, ilhali ng'ombe wa jirani anayefungiwa zizini na kulishwa nafaka kwa wingi hatayatoa, hata kama zizi lake linaonekana kutoka dirishani.

Uchambuzi huo huo ulionyesha jambo jingine ambalo ni nadra kutajwa katika matangazo: maziwa ya ufugaji wa kawaida yalikuwa na madini joto zaidi kwa takriban asilimia 74 yakilinganishwa na ya kilimo hai, hasa kwa sababu ng'ombe wa kawaida huongezewa madini katika chakula chao. Madini joto huhitajika ili tezi ya shingo ifanye kazi, na upungufu wake wakati wa ujauzito huathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito, dhidi ya 150 kwa mtu mzima mwingine. Baadhi ya wafugaji wa kilimo hai wamekwisha kurekebisha lishe ya mifugo yao, lakini mjamzito anayetegemea maziwa kama chanzo kikuu cha madini haya, na ambaye nyumbani kwake hakutumiki chumvi iliyoongezwa madini joto, azungumze na mtoa huduma wake wa afya kabla ya kubadili aina ya maziwa.

Ukaribu nao una faida zake, na kubwa kuliko zote ni uwezekano wa kuuliza na kujibiwa. Mnunuzi anayemfahamu mfugaji anaweza kuona jinsi viwele vinavyosafishwa, kama maziwa hupozwa hadi nyuzi 4 ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa, ng'ombe walichanjwa na kupimwa lini, na nini hufanyika kwa maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa. Mfugaji mwadilifu hachukizwi na maswali haya. Akichukizwa au akijibu kwa mkato, hilo nalo ni jibu. Faida ya pili ni muda. Mashamba ya kilimo hai ni machache katika maeneo mengi, hivyo maziwa yake mara nyingi husafirishwa mbali, na ili yasiharibike hupashwa joto kali la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache. Maziwa hayo ni salama kabisa na hubaki na protini na kalisi yake, ila ladha yake huelekea ile ya maziwa yaliyochemshwa na sehemu ndogo ya vitamini za kundi B hupungua. Anayependa ladha ya maziwa mapya atayapata kwa urahisi zaidi karibu.

Wapo wanaochagua maziwa ya karibu kwa ajili ya mazingira, wakiamini kwamba safari ya lori ndiyo mzigo mkubwa. Utafiti wa wanasayansi Poore na Nemecek wa mwaka 2018, uliotumia takwimu za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba usafirishaji huchangia sehemu ndogo tu ya gesi zinazoongeza joto duniani zitokanazo na mfumo wa chakula, karibu asilimia 6. Katika maziwa, sehemu kubwa hutoka kwa ng'ombe mwenyewe anapocheua, katika samadi na katika uzalishaji wa chakula chake. Kilimo hai huepuka mbolea za viwandani, lakini kwa kuwa ng'ombe wake kwa kawaida hutoa maziwa machache zaidi, huhitaji ardhi kubwa zaidi kwa kila lita. Mazingira peke yake, basi, hayatoi mshindi kati ya maziwa haya mawili.

Kwa familia yenye bajeti isiyobana, inayoweza kupata maziwa ya kilimo hai yaliyosindikwa vizuri, sioni sababu ya kuyaacha. Pale ambapo gharama yake ya juu inapunguza kiasi cha maziwa, mboga au matunda anachopata mtoto, ushauri wangu ni kununua maziwa ya kawaida yaliyopasteurishwa bila kuona haya. Na pale palipo na mfugaji wa karibu anayelisha ng'ombe wake majani, anayejibu maswali waziwazi na ambaye maziwa yake hupita kwenye kiwanda kinachopima na kupasteurisha, ningemchagua yeye kuliko nembo iliyotoka mbali, hata kama hana cheti. Mfugaji anayejitangaza kuwa wa kilimo hai bila kutaja chombo kilichomkagua aulizwe hati yake, kwa sababu maneno yaliyoandikwa kwenye chupa hayana thamani bila mkaguzi nyuma yake.

Mtoto wa chini ya miezi 12 hapaswi kupewa maziwa ya ng'ombe ya aina yoyote kama kinywaji chake kikuu, hata ya kilimo hai, kwa kuwa yana chuma kidogo mno na protini na chumvi nyingi kwa figo zake changa. Kuanzia mwaka mmoja hadi miwili anafaa maziwa yasiyoondolewa mafuta. Takriban nusu lita kwa siku humtosha kwa kawaida, kwani anayekunywa kupita kiasi hushiba kabla ya kula chakula chenye chuma. Mwenye mzio wa protini ya maziwa hatapata nafuu kwa kubadili shamba, na anahitaji kuonwa na daktari.

Nyumbani, maziwa yakae sehemu yenye baridi zaidi ya jokofu, si mlangoni ambako joto hupanda kila unapofunguliwa, na yasiachwe mezani zaidi ya saa mbili. Chupa inayopitisha mwanga iwekwe gizani, maana mwanga huharibu vitamini B2 na kuyapa maziwa ladha mbaya. Maziwa ya mfugaji yaliyochemshwa yapozwe haraka kwa kutumbukiza sufuria katika maji baridi, yafunikwe na kutumiwa ndani ya siku mbili. Pakiti ya maziwa yaliyopashwa joto kali ikishafunguliwa huharibika kama maziwa mengine, hivyo nayo iingie jokofuni na imalizwe kwa siku ambazo mtengenezaji ameandika.