Je, wajua kwanini picha ya kwenye kioo lazima simu ionekane?

Ngoja niulize kitu ambacho kila mtu anakiona kila siku ila hatuulizani. Karibu simu janja zote za sasa zina kamera ya mbele, hata iPhone iliwekewa tangu 2010 ilipotoka iPhone 4, yani mtu akitaka kujipiga picha ananyoosha mkono anabonyeza kazi imeisha. Sasa mbona ukifungua status za WhatsApp au Insta unakuta vijana kibao wamesimama mbele ya kioo, cha kabati, cha saluni, cha lifti, cha choo cha hoteli, simu imeinuliwa usawa wa kidevu na mgongo wake umeangalia kioo?

Wengine watasema ni kwa ajili ya nguo, kioo kinakuonyesha mpaka viatu. Ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine rahisi sana, kamera haiwezi kujiona. Ukijipiga kwa kamera ya mbele wewe utatokea ila simu haitatokea, na simu ndo kitu ulichokihangaikia. Kioo ndo njia pekee ya wewe na simu yako kuwa kwenye picha moja bila kumuomba mtu akupige.

Na kilichoongeza moto ni mwezi wa 9 mwaka 2019 ilipotoka iPhone 11 Pro, ile yenye kamera tatu nyuma. Kabla ya hapo ukiwa mbali kidogo ilikuwa ngumu kujua mtu kashika toleo gani, tufaa ni lile lile. Zilipokuja kamera tatu mtaani ikapata jina hapo hapo, macho matatu, na sasa mtu aliyekaa siti ya nyuma kwenye daladala anajua umeshika nini hata kama hajawahi kuigusa. Zikaanza kuuzwa hadi vibandiko vya kamera, unabandika kwenye iPhone ya zamani inaonekana ya macho matatu. Kamera haiongezeki ubora hata kidogo, kinachoongezeka ni jinsi unavyoonekana, na mtu anaona hiyo pesa imeenda mahali sahihi.

Wazee wengi wanaishia kusema vijana wa siku hizi wana ulimbukeni. Mi sikubali kirahisi hivyo. Hii kitu ya kuvaa hadhi mwilini ni ya zamani sana huku kwetu pwani. Zanzibar utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, watu waliokuwa watumwa walikuwa wameishi miaka yote bila ruhusa ya kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya mabwana zao, na walipopata uhuru moja ya vitu vya kwanza walivyovikimbilia ni mavazi. Wanaume wakavaa kofia na kanzu, wanawake wakanunua kanga, baadae na buibui, yani mtu apite njiani aonekane muungwana kabla hajafungua mdomo. Wakati wa ukoloni zikaja ngoma za beni, zile za kuiga bendi na gwaride la wazungu, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka bara, kundi la Marini linashindana na Arinoti kwa sare na madaha, na vijana wa kazi ndogo ndogo mjini walikuwa wanamaliza mshahara kwenye suti na fimbo za kutembelea. Kwahiyo kijana anayelipa kodi ya chumba kimoja Tandale alafu ana simu ya karibu milioni hajaanzisha jambo jipya.

Ila kuna tofauti moja kubwa na hapo ndo pa kukaa kidogo. Nguo ulikuwa unavaa siku ya ngoma, Iddi, Krismasi, harusi, na wanaokuona ni watu wa mtaa wako wanaojua na baba yako ni nani. Simu inatoka nje kila siku, na chumba chako hakuna anayekijua. Kijana wa Dar anaweza kulala kwenye godoro chini na asijulikane, kwasababu kazini hawafiki kwake, demu hajafika kwake, ila wote wanaona simu na wote wanaona status. Na status ilipokuja kwenye WhatsApp mwaka 2017 ikaja na sheria yake, baada ya masaa 24 inafutika. Yani hadhi yako ya jana imeisha, leo unatakiwa uweke nyingine. Kanga ukishaivaa watu wakakuona wanakumbuka miezi, picha inaoza kwa siku moja ndo maana mtu anarudi kwenye kioo kila asubuhi.

Mdogo wangu wa mwisho alinunua macho matatu used mwaka juzi, kwa mkopo wa kulipa kila wiki. Anauza duka la vipodozi, mshahara wake wote tunaujua pale nyumbani. Nilimsema sana akanijibu kitu kimoja, "kaka, nikienda kuomba kazi na simu iliyopasuka hawanisikilizi." Nilikaa kimya maana nimeshawahi kuona ikitokea. Wiki ya tatu akiwa kakaa dirishani kwenye daladala Mwenge, jioni, foleni, anajibu meseji, mkono ukaingia ukachomoa. Boda, wawili, wameshatokomea. Alipolia hakuwa analilia meseji wala namba, alikuwa anasema "bado nina wiki ishirini za kulipa". Na akazilipa zote, kila wiki anatuma pesa ya simu ambayo haipo.

Hao wa boda Dar tunawaita vishandu. Wanavyofanya kazi ndo unaona ile picha ya kwenye kioo na uporaji ni kitu kimoja kikiangaliwa pande mbili. Alama ya hadhi isipoonekana haina kazi, na ikionekana tu imeonwa na wote, wanaokusifia na wanaokupigia hesabu. Kishandu naye anasoma macho matatu kwa mbali kama wewe. Wanapenda dirisha la daladala, bajaji isiyo na mlango, mtu anayetembea ukingoni mwa barabara kaweka simu sikioni upande wa magari. Dereva hasimami, anapunguza mwendo tu, wa nyuma ndo anakwapua.

Sasa swali lingine, mbona simu zina loki, anaipeleka wapi?

Hapa kuna historia fupi nzuri. Mwaka 2013 Apple waliweka loki inayobaki hata ukifuta simu yote, ile mafundi wanaita iCloud, bila password ya mwenyewe simu haiwaki ikawa ya kutumika. Matokeo yalionekana haraka kwenye miji mikubwa, ndani ya mwaka mmoja hivi wizi wa iPhone ulishuka asilimia 40 San Francisco, asilimia 25 New York, na London wizi wa simu janja kwa ujumla ukapungua nusu. Watu wakaamini ugonjwa umepona. Lakini wezi nao wana akili wakabadilisha njia mbili. Ya kwanza ni spea, simu iliyofungwa bado ina kioo, betri, kamera, chaji sistimu, na mafundi wanahitaji hivyo vitu kila siku. Ya pili ni kuvusha mpaka, kwasababu simu iliyofungiwa IMEI, yani ile namba ya utambulisho ya kila simu, kwenye nchi moja mara nyingi inashika mtandao vizuri tu nchi nyingine. Ndo maana London wizi ulirudi kwa kishindo, polisi wa kule walihesabu kama simu 80,000 zilizoibwa mwaka 2024, na mwezi wa 10 mwaka 2025 wakatangaza wamevunja mtandao unaoshukiwa kusafirisha mpaka simu 40,000 kwenda China, nyingine zikiwa zimefungwa kwenye foili ile ya kufungia chakula ili zisitoe mawasiliano. Kule wanatumia baiskeli za umeme, huku boda, mkono ni ule ule.

Na kuna njia ya tatu mbaya kuliko zote, ndo sababu wanataka simu iliyo mkononi kuliko iliyo mfukoni. Simu ya mkononi iko wazi. Haina loki kwa muda huo. Akiichukua ikiwa inawaka anaingia kwenye meseji, anatafuta namba ya siri uliyojitumia mwenyewe, anaomba mikopo ya kwenye simu kwa jina lako, anawaandikia ndugu zako "nimepata dharura nitumie kwenye namba hii". Kifaa kinaweza kuuzwa laki ila hasara ikaenda mbali sana.

Kitu kinachonisumbua ni upande wa pili wa ile boda. Aliyekwapua mara nyingi ni kijana wa umri ule ule, anaangalia Insta ile ile, anataka viatu vile vile. Nairobi miaka ya 2016 na 2017 hili lilionekana wazi kuliko sehemu yoyote ninayoijua. Vijana wa Kayole na Dandora waliojiita Gaza, jina lililotoka kwenye dancehall ya Jamaica ya kina Vybz Kartel, walikuwa wanapiga picha na noti, raba mpya na bastola wanaweka Facebook kwa sura zao kabisa. Ukiwa nje unajiuliza huyu ana akili kweli, anajipeleka polisi mwenyewe? Lakini kwake ile picha ilikuwa inafanya kazi kama ya kioo cha kabati, inasema mi ni mtu, niogopeni, nihesabuni. Mwizi asiyejulikana mtaani hana heshima, na bila heshima kundini huna mgao wala ulinzi. Alafu zikaibuka akaunti za Facebook zilizotumia jina la Hessy, ambaye wengi waliamini ni polisi, zinachukua zile zile picha zinaziweka na onyo, acha au utakufa, na baada ya siku kadhaa inawekwa picha ya maiti. Watu walikuwa wanakomenti pale chini kama wanaangalia mpira. Kijana wa miaka kumi na kenda alijenga sura yake mtandaoni na ikatumika kumtafutia kaburi.

Huku kwetu hata hakuhitajiki akaunti. Kishandu akianguka na boda, wananchi wenye hasira kali wanamaliza pale pale, mawe na tairi. Mi nimeibiwa mara mbili naijua ile hasira, ila bado sijaona simu ya kumchomea mtoto wa mtu.

Na wenye pesa hawapo salama zaidi. Februari 2020 rapa wa Marekani Pop Smoke, miaka 20 tu, alikuwa kakodi nyumba Los Angeles, akaweka mtandaoni picha ya zawadi alizotumiwa na kwenye moja ya mifuko anuani ya ile nyumba ikasomeka. Vijana wakaifuata. Alfajiri ya tarehe 19 wakaingia wakamuua, aliyempiga risasi alikuwa na miaka 15. Mahakamani ikaelezwa saa yake ya Rolex waliyoondoka nayo waliiuza dola 2,000.

Ukiniuliza ufanye nini na simu yako, vitu viwili vitatu vinasaidia kweli. Android nyingi zimepata tangu 2024 loki ya kugundua uporaji, simu inasoma mtikisiko ule wa kukwapuliwa na kukimbizwa inajifunga yenyewe, ila lazima uende setingi uiwashe. iPhone nayo tangu Januari 2024 ina ulinzi ambao ukiwa mbali na nyumbani haikubali kubadilisha password bila sura yako au kidole, hata kama mwizi anajua namba zako. Piga *#06# uandike IMEI kwenye daftari, sio kwenye simu hiyo hiyo. Na kabla hujanunua used pale Kariakoo tuma hiyo IMEI kwenda 15090 uone kama jina linalorudi ni la simu uliyoshika, alafu muuzaji atoe iCloud yake mbele yako. Akikwambia fundi ataitoa baadae, rudisha simu ondoka, maana hapo unaweza kuwa unashika simu ya mtu aliyelia Mwenge.

Mdogo wangu sasa hivi ana simu ya kawaida tu, ndogo, inapiga picha vizuri. Kwenye daladala inakaa kwenye begi mpaka anashuka. Picha za kwenye kioo bado anapiga na anaweka status kama zamani, ila ukiangalia vizuri utaona kiganja kimefunika mgongo wote wa simu, na pale kidole kisipofika anabandika emoji ya moyo.