Pudini ya ndizi: kwa nini asubuhi inakuwa supu, na ndizi yake ya asili ni ipi

Swali naloulizwa kushinda yote ni hili: dada, mbona pudini yangu usiku nimeitia kwa friji imeshika vizuri, asubuhi nafunua nakuta supu? Jibu liko kwa kiini cha yai. Kiini kina kimeng'enya kinachokula wanga, na konflawa ni wanga mtupu, sasa ukiepua kastadi mara tu inapoanza kuwa nzito kile kimeng'enya bado kizima, kitafanya kazi usiku kucha wewe umelala. Iache ichemke kweli, uone mapovu makubwa yanapasuka hadi katikati ya sufuria, na ukoroge bila kuacha dakika moja mpaka mbili. Watu huogopa mayai yataganda madonge, lakini hayagandi, konflawa inayalinda.

Vipimo vyangu ni maziwa mililita 750, sukari gramu 150, konflawa gramu 40, viini 4 na chumvi kidogo. Vanila na kijiko cha siagi natia baada ya kuepua, manake vanila ikichemshwa harufu inapotea.

Halafu ndo unapanga, biskuti za vanila chini, ndizi za kukata duara juu yake, kastadi ya moto, unarudia mpaka bakuli lijae. Mwisho wa juu lazima iwe kastadi, ndizi isionekane hata kidogo kwa sababu hewa ndo inayoifanya iwe nyeusi. Kisha friji kwa muda wa saa nane nzima, na hapa sikubali mjadala! Biskuti inataka muda inywe ule unyevu mpaka iwe laini kama keki, na ukila mapema unakula biskuti na kastadi, bado hujala pudini.

Na hiyo biskuti kugeuka keki ina historia yake ambayo mimi naipenda sana. Hii ni pudini ya Marekani, na jarida la Good Housekeeping la mwaka 1888 tayari lina mapishi yake, lakini humo hakuna biskuti, kuna keki laini iliyopangwa na ndizi na kastadi, yaani ni traifo ya Waingereza iliyotiwa ndizi. Ndizi yenyewe ilikuwa imeanza kushuka kwa wingi kwa meli kutoka Karibi na Amerika ya Kati. Mwaka 1921 gazeti la Pantagraph la Bloomington, Illinois, likachapisha mapishi ya mama mmoja yenye biskuti za vanila, na miaka ya 1940 kampuni ya Nabisco ikayachapisha kwenye boksi la biskuti zake, basi kila jikoni ikaingia. Leo ukiuliza utaambiwa ni chakula cha majimbo ya kusini, na wameipenda kweli kule, lakini Illinois si kusini. Mimi naona tujifunze kuyasoma mapishi hivi, uangalie ni kitu gani kimetolewa na nani alikuwa anauza kilichowekwa mahali pake.

Reli nayo ina mkono wake. Mji wa Fulton, Kentucky, ndipo treni za ndizi kutoka New Orleans zilikuwa zinasimama kuongezewa barafu, na kuanzia 1963 wakawa na tamasha la ndizi ambapo walipika pudini ya tani moja. Tani moja!

Sasa kuna jambo linalonifanya nisilale. Ndizi ya mapishi yote hayo ya zamani ilikuwa aina inayoitwa Gros Michel. Ugonjwa wa Panama, kuvu inayokaa kwenye udongo, uliyamaliza mashamba makubwa, na kufika miaka ya 1960 wafanyabiashara wakahamia Cavendish, aina nyingine ya ndizi, ndo ile Wamarekani wanayokula mpaka leo. Mapishi yakabaki vilevile, ndizi ikabadilika, na wengi wao hawajawahi kuionja pudini kama walivyoila bibi zao. Sisi je? Gros Michel ndo ile tunayoiita Kampala hapa Kenya, Waganda wanaiita bogoya, na ugonjwa unaisumbua huku pia lakini sokoni bado ipo. Mimi naichukua soko la Kongowea, Mombasa, asubuhi, nachagua iliyoiva njano yenye madoa madogo ya kahawia, manake hapo wanga umeshageuka sukari na harufu imejaa, ila nyama bado inashika kisu. Kisukari nimejaribu, ni tamu lakini ina uchachu fulani unaopigana na kastadi, kwa hiyo naiacha ya kula hivihivi.

Ute wa yale mayai 4 usiutupe. Upige na sukari kidogo mpaka usimame, uutandaze juu kastadi ikiwa bado ya moto ili uive kutoka chini, ukibandika mpaka ukingo wa bakuli usije ukajikunja, kisha oveni nyuzi 180 dakika 12 hivi, ipoe kwanza ndo uingize kwa friji.