Mstari wa Durand ni nini, na kwa nini Waafghani wengi hawautambui mpaka leo

Kuna watu wakisikia Afghanistan wanasema tu wale wanapenda vita, hiyo kauli inaniuma sana manake historia yao haiko hivyo, na ukitaka kuielewa anza na huu Mstari wa Durand.

Ni boda ya Afghanistan na Pakistan, kama kilomita 2,600 hivi, unatoka juu milimani karibu na China unashuka mpaka jangwani upande wa Iran. Waliouchora ni Waingereza enzi wanatawala India. Hofu yao ilikua Urusi isije ikasogea, na kabla ya hapo walishapigana na Waafghani mara mbili. Vita ya kwanza iliwaishia vibaya mno, Januari 1842 walitoka Kabul kwenye theluji watu kama 16,000, askari na watumishi na familia zao, karibu wote wakafia njiani, wachache wakashikwa mateka. Ya pili, 1878 hadi 1880, walipigwa vibaya kwenye pigano la Maiwand lakini njia ya Khyber, ile inayopita katikati ya milima, wakabaki nayo, na mambo ya nje ya Afghanistan wakayashika wao.

Sasa 1893 akaja Kabul Mortimer Durand, mjumbe wa Waingereza, kukaa na Amir Abdur Rahman Khan, mtawala wa Afghanistan. Amir alikua anapewa na Waingereza rupia milioni 1.2 kwa mwaka, wakampandishia mpaka milioni 1.8, akasaini tarehe 12 Novemba. Mstari ukapita katikati ya Wapashtuni, jamii kubwa ya pale, kabila lao kama Mohmand likajikuta nusu huku nusu kule na hakuna aliyewauliza wenyewe. Hazikupita hata siku nyingi, 1897 makabila ya pale yakaamka, Waafridi, nao Wapashtuni, wakateka ngome za Khyber, ikabidi Mwingereza alete jeshi kubwa kweli kuwatuliza.

1919 Amir Amanullah alipigana na Waingereza tena akapata uhuru wa mambo ya nje, ila mstari ukabaki palepale.

Pakistan ilipozaliwa 1947 Kabul ikasema aliyesaini na sisi kaondoka, kwa hiyo mkataba umekufa, na kwenye kura ya kuiingiza Pakistan Umoja wa Mataifa nchi pekee iliyokataa ni Afghanistan. 1961 Afghanistan na Pakistan wakavunja kabisa uhusiano, boda ikafungwa. Alafu wakaja Wasovieti 1979, mamilioni ya wakimbizi wakavuka kwenda Pakistan, mujahidina, wapiganaji waliowapinga Wasovieti, wakawa wanajipanga Peshawar huko Pakistan wanarudi kupigana, na baada ya 2001 Taliban nao wakatumia njia hizohizo za milimani. Vita vyote hivi vimelishwa na huu mpaka, mtu anapigana huku anapumzika kule kwa ndugu zake.

2017 Pakistan ikaanza kujenga fensi. Wengi walidhani Taliban wakishika Kabul 2021 watautambua mstari kwa jinsi Pakistan ilivyowahifadhi, wapi, na wao wamekataa kama serikali zote zilizopita. Oktoba 2025 wakapigana kweli na Pakistan, mazungumzo yakafanyika Doha, Qatar ikatoa taarifa yenye neno mpaka, Kabul ikalalamika na neno likaondolewa. Vita ikasimamishwa bila mstari wenyewe kuguswa, na vivuko vya Torkham na Chaman vikaendelea kufungwa, malori yakapanga foleni pande zote mbili na matunda yakaozea humo ndani.