Mafua yamepona, miguu imetoka madoa: maswali kuhusu mishipa ya damu baada ya virusi

Mtoto wa miaka sita aliumwa mafua na koo, akapona. Wiki mbili baadaye ana madoa miguuni na makalioni, na magoti yanamuuma. Ni mzio?

Usikimbilie mzio. Vipele vya mzio huwasha, huhamahama, na ukivibonyeza hufifia. Chukua glasi ya kioo, ikandamize juu ya doa. Lisipofifia, hiyo ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi doa huonekana la zambarau au jeusi kuliko jekundu, kwa hiyo angalia pia nyayo, viganja na ndani ya kope la chini.

Madoa ya namna hiyo yakikaa zaidi chini ya kiuno, yakawa yameinuka kidogo ukiyapapasa, na mtoto akawa analalamikia viungo au tumbo, daktari atafikiria vaskulaitisi ya IgA, yaani kuvimba kwa kuta za mishipa midogo ya damu kunakohusishwa na IgA, aina mojawapo ya kingamwili. Huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 15.

Lakini madoa yasiyofifia pamoja na homa kali, shingo kukakamaa au mtoto kulegea ni dharura. Huenda ni bakteria walioingia kwenye damu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na uko mbali na mji, wilayani Bahi au Kongwa mkoani Dodoma.

Virusi vimeshaondoka. Nani anaiumiza mishipa?

Kinga ya mwili yenyewe. Kingamwili, yaani protini zinazokamata vijidudu, hunatana na mabaki ya virusi na kuunda vibonge vidogo, ambavyo kwa kawaida husafishwa na ini na wengu. Vikizidi uwezo wa usafi huo, hunasa kwenye kuta za mishipa, hasa miguuni ambako damu hupanda kwa shida. Hapo protini za kinga huamka na kuziita chembe nyeupe, nazo humwaga vimeng'enya vinavyokula ukuta. Ukuta uliotoboka huvujisha damu, ndiyo madoa. Uliovimba hubana njia, na kiungo kilicho mbele hukosa damu. Uliodhoofika, kwenye ateri kubwa kidogo, hututumka.

Kingamwili huhitaji siku kadhaa hadi wiki kujazana, ndiyo maana ugonjwa huja mafua yakiwa yamesahauliwa. IgA hutengenezwa kwa wingi kwenye utando wa pua, koo na utumbo, kwa hiyo si ajabu kwamba maambukizi ya koo ndiyo huanzisha mara nyingi. Bakteria wa koo nao wanaweza kufanya hivyohivyo.

Virusi vingine haviachii kazi kinga. Kirusi cha tetekuwanga hupita kwenye neva hadi ateri za ubongo na kuzishambulia chenyewe. Kiharusi kwa mtoto kinaweza kutokea miezi kadhaa baada ya vipele kukauka.

Nyumbani tufanye nini?

Apumzike, miguu iinuliwe. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara 4 kwa saa 24. Mtoto wa kilo 20 hupata miligramu 200 hadi 300 kwa dozi. Diklofenaki na ibuprofeni ziache mpaka figo zipimwe. Predinisoloni (dawa ya steroidi, inayotuliza kinga na uvimbe) ya kununua dukani bila cheti nayo iache: hutuliza tumbo na viungo, lakini haijathibitika kuzuia figo kuharibika.

Na figo ndizo za kuogopa. Madoa huisha yenyewe wiki chache tu na familia ikaacha kufuatilia. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mkojo upimwe kwa kijiti, kutafuta damu na protini, pamoja na presha, kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kwa vipindi virefu zaidi hadi miezi 6. Kipimo hiki ni rahisi, hakihitaji hospitali ya rufaa. Mkojo wa njano iliyokolea kwenye jua la Dodoma mara nyingi ni upungufu wa maji. Ukiwa kama chai ya rangi, au uso ukivimba asubuhi, mrudishe siku hiyohiyo. Vilevile akitapika mfululizo au choo kikiwa na damu, maana utumbo unaweza kuwa umejikunja ndani yake.

Kipimo cha malaria ni hasi na homa inafika siku ya tano. Inahusiana na mishipa?

Inawezekana, hasa akiwa chini ya miaka 5, macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka, na mikono imevimba. Ugonjwa wa Kawasaki, ulioelezwa Japani mwaka 1967, hushambulia ateri za moyo. Chanzo chake hakijajulikana, ingawa maambukizi yanashukiwa. Dawa ni immunoglobulini, yaani kingamwili kutoka kwenye damu ya wachangiaji, hutolewa kwa mshipa, gramu 2 kwa kilo, ikiwezekana kabla ya siku ya 10, na moyo upimwe kwa ultrasaundi kwenye hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa ya Dodoma.

Watu wazima je?

Mtu mzima mwenye vaskulaitisi apimwe homa ya ini B na C pamoja na VVU kabla ya kupewa steroidi. Homa ya ini B ikikaa mwilini inaweza kuharibu ateri za figo, utumbo na neva, na tiba yake ni lazima iguse kirusi chenyewe. Watoto hupata kinga yake ndani ya chanjo ya pentavalenti, wiki ya 6, 10 na 14.