Goti likivimba usiku uleule, usilikande

Tangu mechi za mitaani zishike kasi, kliniki yetu ya mifupa inapata lalamiko lilelile: mgonjwa amepigwa eksirei, ameambiwa mfupa hauna neno, kisha anaandikiwa MRI, kipimo cha picha kwa sumaku. "Mnatuzungusha." Gharama tunazijua, wala hatupendi kuziongeza. Lakini eksirei huonyesha mifupa. Kano, yaani kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, na gegedu hazionekani humo. Karatasi inayosema hakuna mfupa uliovunjika haijasema goti ni zima.

Kati ya mfupa wa paja na muundi mna vipande viwili vya gegedu, meniskasi, vinavyopokea uzito kama ngata chini ya mtungi. Kano za msalaba na za pembeni ndizo zinazoizuia mifupa isiteleze juu yake. Mchezaji akigeuka ghafla hali unyayo umekita chini, vyote huweza kuumia kwa mkupuo mmoja. Takriban nusu ya wanaokatika kano ya msalaba ya mbele hukutwa na meniskasi iliyopasuka pia.

Saa ya kuvimba inatusaidia sana. Goti lililojaa ndani ya saa chache kwa kawaida limejaa damu, na hapo kano ya msalaba ndiyo ya kwanza kushukiwa. Tukivuta damu hiyo kwa sindano tukaona vitone vya mafuta vikielea juu, tunajua kuna mfupa uliopasuka ndani ya kiungo. Kisha daktari hulikunja goti kidogo, mkono mmoja ukishika paja, wa pili ukivuta muundi mbele. Kano nzima husimamisha mvuto ghafla. Iliyokatika huuacha muundi uje tu.

Sasa kuhusu kukanda. Wakandaji wetu tunawaheshimu, na wapo wanaoleta wagonjwa wenyewe. Lakini kano iliyokatika katikati ya goti haifikiwi kwa kidole wala kwa mafuta ya nazi, hilo tumelisema mara nyingi. Baada ya wiki mbili uvimbe hupungua, kijana anarudi uwanja wa Tononoka au kupakua malori, na goti "linamwacha" akishuka matatu. Kila linapomwacha, muundi unaisaga meniskasi, hasa ya upande wa ndani. Ukingo wa nje wa meniskasi una damu, kwa hiyo mpasuko wa hapo mara nyingi hushoneka. Ukicheleweshwa ukachanika zaidi, kinachobaki ni kukata, na goti lililokatwa gegedu huwahi baridi yabisi.

Si kila goti ni la upasuaji. Kano ya pembeni ya ndani mara nyingi hupona kwa kifunga goti na mazoezi. Ila goti lililokwama lisinyooke halisubiri. Na lililotoka mahali pake, mguu ukawa baridi au umekufa ganzi, huenda mshipa mkubwa wa damu umeumia: njoo idara ya dharura moja kwa moja, bila barua ya rufaa. Zikipita saa 6 bila damu kufika, mguu wenyewe uko hatarini.

Wengine wote waanzie kituo cha karibu, wapate barua ya rufaa yenye tarehe ya kuumia na jinsi walivyoumia. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujisajili pekee hakutoshi, michango iwe imelipwa. Aliyeumia kazini, bandarini au ghalani, amjulishe mwajiri siku hiyohiyo na kwa maandishi. Chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, mwajiri ana siku 7 za kuripoti tangu apate habari, na dai la fidia huwasilishwa ndani ya miezi 12. Mwajiri asiye na bima ya wafanyakazi anatenda kosa. Aliyegongwa na bodaboda apite polisi, apate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na fomu ya P3 (ripoti ya majeraha inayojazwa na daktari). Sisi tunaijaza P3 kutokana na rekodi za hospitali. Mwezi mzima wa kukandwa nyumbani hauna rekodi, na hapo tusilaumiwe.

Waliotengenezewa kano upya hawarudi uwanjani kabla ya miezi 9, na hata hapo ni baada ya kupimwa nguvu za paja. Makocha wanaotuma watu kuomba barua ya kurudi kucheza mwezi wa 5 baada ya upasuaji wasijisumbue, hatuiandiki.