Ventidius, yule wa nyumbu aliyewapiga Waparthia

Muulize mtu akutajie majenerali wa Roma, atakwambia Caesar, halafu Pompey, akijikaza sana ataongeza Scipio, basi imeishia hapo. Mimi vita za Warumi ndo kazi yangu, nasoma na kufundisha hayo hayo kila siku, na nikiulizwa nani kaonewa na historia huwa nataja jina moja tu, Publius Ventidius Bassus, na watu wananikodolea macho.

Tuanze na adui maana bila hivyo hutamwelewa huyu mzee. Mwaka 53 KK Crassus, tajiri mkubwa kabisa wa Roma, alivuka mto Frati na lejioni 7 (vikosi vikubwa vya jeshi la Roma) kwenda kutafuta sifa, akakutana na Waparthia, watu wa dola kubwa ya upande wa Uajemi, pale mjini Carrhae. Hawa jamaa hawana shida ya kukusogelea, wanapiga mishale juu ya farasi, wanakimbia huku wamegeuka nyuma wanapiga tena, na kuna ngamia wamebeba mishale ya akiba kwahiyo ukisema ngoja iwaishie utangoja sana. Askari kama elfu 20 wakafa, elfu 10 wakatekwa, Crassus mwenyewe kichwa kikaenda. Baada ya hapo Mrumi akisikia Mparthia tumbo linamcheza.

Sasa Ventidius. Kwao ni Picenum, Italia, na wakati miji ya huko ilipoasi, Asculum ikaangushwa mwaka 89 KK na baba wa yule Pompey, na Ventidius akiwa mtoto akapitishwa pamoja na mama yake mitaani Roma kwenye maandamano ya ushindi, kama mateka. Kakulia kwenye dhiki, baadaye akaingia biashara ya nyumbu na magari ya kukokotwa, yaani alikuwa na tenda ya kuwasafirisha wakubwa waliokuwa wanaenda kutawala majimbo. Caesar akamuona huko huko, akaenda naye Gallia (Ufaransa ya leo), akapanda cheo mpaka mwaka 43 KK akawa konsuli, cheo cha juu kabisa Roma. Mjini wakamtungia mashairi ya kejeli, eti msugua nyumbu leo konsuli! Mimi sidhani alikuwa anasugua nyumbu kwa mikono yake, nadhani alikuwa mkandarasi tu wa usafiri, ila masikini akipanda lazima watu wamkumbushe alikotoka.

Mwaka 40 KK Waparthia wakavamia. Mbele yupo Pacorus mtoto wa mfalme Orodes, pembeni yake Mrumi msaliti Quintus Labienus. Wakaibeba Syria, wakaingia Yerusalemu (Herode, yule yule wa kwenye Biblia, akakimbilia Roma), Labienus akasonga mpaka ndani kabisa ya Asia Ndogo. Mark Antony, mmoja wa wakubwa wa Roma baada ya Caesar, ndo alikuwa bosi wa mashariki, ila ana mambo mengine kibao, akamtuma Ventidius mwaka 39 KK.

Na hapa ndo raha yenyewe ilipo. Ventidius hakujaribu kuwakimbiza farasi kwa miguu. Alipanda kilimani akaweka kambi, akatulia tuli. Waparthia kwa kiburi cha Carrhae wakapandisha mlima bila hata kumsubiri Labienus wao, na farasi akipandisha kasi inaisha, lejioni ikashuka juu yao kama maporomoko. Labienus akatoroka, akasakwa, akauawa. Halafu kwenye njia ya milima ya Amanus wakapigwa tena na kamanda wao Pharnapates akafia hapo. Syria ikarudi.

Mwaka 38 KK Pacorus anarudi na jeshi, na askari wa Ventidius bado wametawanyika kwenye kambi za baridi. Angeingiliwa wiki ile angekwisha. Kulikuwa na kiongozi mmoja wa Syria anajifanya rafiki kumbe anapeleka habari kwa Waparthia, na Ventidius anajua. Akamvuta pembeni akajifanya kumtolea siri ya moyoni, kwamba anaomba Mungu Waparthia wavukie Zeugma, kivuko cha mto Frati, kama kawaida yao maana kule kuna vilima vya kumfaa, akaogopa wasije wakapita chini kwenye tambarare. Pacorus kusikia hivyo, moja kwa moja kule chini, njia ndefu, daraja refu la kujenga, siku zaidi ya 40 zikapotea. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu safari za nyumbu ndo anafikiria hivi, wengine wanafikiria panga.

Walipofika Gindarus, huko huko Syria, lejioni zimeshajipanga. Akawaacha wavuke, akawaacha wamdhanie mwoga, wakasogea mpaka hatua 500 ndo akafungua mageti ya kambi na askari wakatoka mbio, wakaziba ile nafasi ambayo upinde unaihitaji, huku wapiga kombeo wanawamiminia mawe toka juu. Pacorus akafa, kichwa chake kikazungushwa kwenye miji ya Syria ili waliokuwa wanamtamani wajionee.

Akaenda kuizingira Samosata, mji mkuu wa ufalme mdogo wa Commagene, mfalme wake Antiochus akaomba yaishe kwa talanta 1,000 (talanta ni kipimo cha uzito wa fedha). Antony ghafla kafika, anataka angalau ushindi mmoja uwe wake, akakataa, kazi akaishika mwenyewe, ikamshinda, mwishoni akakubali talanta 300. Aisee!

Ventidius akarudi Roma, tarehe 27 Novemba 38 KK akafanya maandamano ya ushindi, Mrumi wa kwanza kuyapata kwa kuwapiga Waparthia, mitaa ile ile aliyopitishwa mateka. Hatumsikii tena vitani, alipokufa alizikwa kwa gharama ya serikali. Hakuandika kitabu kama Caesar, na bosi wake Antony alishindwa kwenye vita ya baharini ya Actium mwaka 31 KK, sasa nani angekuwa na hamu ya kuwasifia watu wa Antony?

Antony alienda kwa Waparthia mwenyewe mwaka 36 KK, na jeshi kubwa kuliko la Ventidius. Kwa haraka zake akayaacha nyuma magari 300 yaliyobeba mitambo ya kubomolea kuta, Waparthia wakayafikia na kuyaharibu yote pamoja na walinzi wake, akabaki nje ya mji aliouzingira anajenga kichuguu cha udongo mpaka baridi ikamfukuza.